AC ya zamani haileti baridi Tanga hii: uanzie kuangalia wapi na lini uachane nayo

Wadau wa Tanga, kaskazi ikishaanza kukolea, Desemba mpaka Machi hivi, kila nyumba yenye AC ya miaka mingi malalamiko ni yaleyale, inawaka lakini chumba hakipoi, LUKU inakimbia, fundi kaja kaongeza gesi na baada ya muda mfupi joto limerudi palepale. Nataka twende dalili kwa dalili, maana kuna watu wanatupa mashine nzima kwa sababu ya kapasita tu (kile kifaa kidogo kinachotunza chaji na kuipa mota nguvu ya kuanza), na kuna wengine kila mwaka wanailisha gesi mashine ambayo ilishakufa kitambo, na hawa wa pili ndo wanaoumia zaidi mfukoni. Naongelea zile split za ukutani, zenye mashine moja ndani na nyingine nje, 9000 mpaka 24000 BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza), ndo zilizojaa kuanzia Raskazone mpaka Nguvumali.

Kabla hujashika chochote zima breka ya AC, rimoti pekee haitoshi. Na kapasita inabaki na umeme hata breka ikiwa imezimwa, kwaiyo kama hujui kuitoa chaji usifungue mfuniko wa mashine ya nje. Kuosha filta, kupima joto, kusoma LUKU, kuangalia kutu, hizo kazi unaziweza mwenyewe. Gesi na nyaya za ndani muachie fundi.

INAPULIZA UPEPO ILA BARIDI HAMNA

Anza na rimoti, usione haya, watoto wakichezea wanaiweka kwenye feni au kwenye kukausha unyevu na mtu mzima anakaa siku nzima anatokwa jasho. Iweke kwenye kupoza, nyuzi 18, subiri dakika 15. Sasa chukua thamometa ya kawaida, pima hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani alafu pima inayotoka pale chini. Ikiwa nzima tofauti inakuwa kama nyuzi 8 mpaka 12. Siku zile za unyevu mkali, masika hasa, tofauti inapungua kidogo maana nguvu kubwa inaenda kwenye kukamua maji hewani, hiyo ni kawaida, usimwite fundi kwa sababu hiyo. Ila ukikuta tofauti ya nyuzi 3 au 4 kuna jambo.

Toka nje uangalie mashine ya nje. Kuna hali tatu na kila moja ina maana yake. Feni ya nje inazunguka na kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inaunguruma, basi tatizo liko kwenye uchafu au gesi. Feni inazunguka ila ule mngurumo haupo, kompresa haijawaka, mara nyingi kapasita. Kompresa inaunguruma feni imesimama, zima haraka, maana joto halitoki na kompresa itajizima au itaungua, hapo tena kapasita au mota ya feni.

Kapasita nairudia kwa sababu ndo kifaa cha bei ndogo kinachosababisha watu wauziwe AC mpya. Fundi aipime kwa mita mbele yako. Ubavuni imeandikwa labda maikrofaradi 35 na hapo inaruhusiwa kupanda au kushuka asilimia 5 au 6 hivi, sasa ikisoma 27 imeshakwisha, inabadilishwa na kazi inaendelea. Fundi akikwambia kompresa imekufa na hajapima kapasita muombe kwa heshima aipime kwanza, "fundi, samahani, hebu tuangalie kapasita kabla hatujafika huko". Fundi mzuri hakasiriki.

Kama zote zinazunguka, rudi kwenye filta. Zile chujio za plastiki mbele zitoe, zioshe, zikauke kivulini. Alafu mulika tochi nyuma yake uone vile vibati vyembamba vya alumini vya koili, yale mabomba yaliyokunjwa ambayo gesi inapita. Vikiwa vimevaa vumbi lililogandamana, hewa haipiti na baridi haitoki hata gesi ikiwa imejaa. Walioko upande wa Pongwe na Maweni karibu na viwanda vya saruji wanalijua hili vumbi, likikutana na maji ya koili linashika, na kulitoa kunataka sevisi kamili ya kushusha kava na kuosha, kupangusa kwa kitambaa hakusaidii.

INAGANDA BARAFU

Ukiona barafu kwenye bomba au kwenye koili ya ndani watu wengi wanafurahi wanadhani AC inafanya kazi sana. Hapana. Barafu maana yake koili imekuwa baridi kupita kiasi, ama kwa kukosa hewa ama kwa gesi kupungua. Zima kupoza, acha feni peke yake mpaka iyeyuke yote, osha filta, washa tena. Ikiganda tena na filta ni safi na feni ya ndani inapuliza vizuri, gesi imepungua, na gesi ikipungua imevuja. Hili nitalirudia chini.

INADONDOSHA MAJI NDANI

Hii kwa Pwani yetu ni kawaida sana na mara nyingi haina uhusiano na uzee wa mashine. Maji yanayokamuliwa hewani yanatakiwa yatoke kwa mpira wa kutolea maji, na mpira ukiziba kwa ule utelezi wa kijani, au mdudu akajenga humo, maji yanarudi ukutani. Unazibuliwa kwa kunyonya upande wa nje au kumwaga maji kwa nguvu kutoka ndani. Angalia pia mpira usiwe na kona inayopanda juu, maji hayapandi mlima. Kama ulizibuliwa na ukuta bado unalowa, pengine mashine imefungwa imelala upande usio na mpira, shida ni ya kufunga tu, haihitaji mashine mpya. Ila kama trei yenyewe ya ndani imepasuka na spea haipatikani, hapo andika moja kwenye upande wa kuachana nayo.

INAKATA BREKA, AU INAGUNA NA KUZIMA

Hapa pana mambo mengi yanafanana kwaiyo tusikimbie. Kwanza umeme. Umeme wetu ni volti 230, na saa za jioni watu wote wakishawasha unaweza kushuka, ukienda chini ya 200 kompresa inapata shida kuanza, inaguna, inavuta umeme mwingi, inajizima, inajaribu tena, na kila jaribio linachoma nyaya zake za ndani kidogo kidogo. Pima volti kwenye soketi ya AC wakati inataka kuwaka, sio asubuhi umeme ukiwa umetulia. Volti zikiwa nzuri kwenye mita ya LUKU na mbovu kwenye soketi basi waya wako ni mwembamba au kuna mahali umelegea na kuungua. AC ya 12000 ipewe waya wa milimita 2.5 kutoka kwenye breka yake yenyewe, na tafadhali, usiipe umeme kwa ekstensheni, hizi zinayeyuka na nyumba zinaungua.

Pili, umeme ukikatika na kurudi hapohapo. Kompresa ikizimwa inahitaji kama dakika 3 presha ya ndani isawazike, ikilazimishwa kuanza kabla haiwezi, inanguruma na kukata. AC gadi, kile kifaa cha kuilinda AC na umeme mbovu, yenye kuchelewesha kuwaka inaokoa mashine. Kwa mji wa umeme wa kukatika na kurudi mi naiona ni lazima.

Tatu, kompresa yenyewe. Breka ikianguka papo hapo unapowasha, na kapasita ni nzima na waya ni mzima, fundi apime kama nyaya za ndani za kompresa zimegusana na ganda lake la chuma. Zikiwa zimegusana kompresa imekufa. Kwenye mashine ya miaka zaidi ya 10 sibadilishi kompresa. Kompresa ikiungua ndani inaacha asidi na masizi kwenye mfumo mzima, usipousafisha vizuri na ile mpya inaungua, na gharama yake na gesi na ufundi inafika nusu ya mashine mpya au kuzidi.

Na kwa zenye bodi za umeme ndani, mjusi. Mjusi kafiri anapenda joto la bodi, anaingia kwenye mashine ya nje, anagusa miguu miwili ya umeme, anakufa na bodi inakufa naye. Sisimizi hivyohivyo. Ukikuta bodi imeungua mahali pamoja tu angalia kama kuna mzoga kabla ya kulaumu Tanesco.

HARUFU, KELELE

Harufu ya nguo mbichi zilizokaa kwenye ndoo ni kuvu, sevisi. Harufu ya plastiki kuungua, zima breka sasa hivi. Kelele za kugonga kwenye mashine ya nje mara nyingi ni bolti na kibanio kilicholiwa na kutu, na hicho kwa nyumba za gorofa kiangalie kwa macho yako, mashine ya kilo 30 kuanguka juu ya njia wanapopita watu ni jambo zito.

LUKU INAKIMBIA

Usikisie, pima. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji pia, ibaki AC peke yake, soma yuniti zilizobaki, iache AC saa 1 kamili, soma tena. Ile ya zamani ya 12000 BTU isiyo inveta (inveta ni ile inayopunguza mwendo wa kompresa yenyewe badala ya kuwaka na kuzima tu) kompresa ikiwa haipumziki inakula karibu yuniti 1 kwa saa, kidogo juu au chini. Ikiwa nzima na chumba kimeshapoa, kompresa inapumzika na hesabu inashuka. Kwaiyo ukipima saa ya pili na ya tatu na bado ni yuniti ileile na chumba ni cha moto, mashine inakimbia bila kufika, aidha chafu, aidha gesi, aidha ndogo kwa chumba. Angalia chumba pia jamani. Bati bila silingi, dirisha la magharibi bila pazia, mlango wa sebuleni unaofunguliwa kila dakika, hapo hata mashine mpya itakimbia tu.

KILA MWAKA INAONGEZWA GESI

Sasa tumefika penyewe, na hapa ndo naomba mnisikilize. Gesi ya AC haiishi. Haichomwi, haitumiki, inazunguka humohumo kwenye mabomba yaliyofungwa. Mashine inaweza kukaa miaka 15 na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Kwaiyo fundi akikwambia "gesi imeisha, ni kawaida, kila mwaka unaongeza", jua kuna tundu, na pesa yako inapitia hapo kwenda hewani.

Tundu linaonekana. Gesi ikitoka inatoka na mafuta kidogo ya kompresa, kwaiyo tafuta alama ya mafuta mafuta iliyoshika vumbi, kwanza kwenye nati za maungio pande zote mbili, alafu kwenye kona za koili. Ikiwa kwenye nati una bahati, inakatwa, inapanuliwa upya, inafungwa, imekwisha. Kupima kwa uhakika ni kujaza naitrojeni kwa presha na kupaka povu la sabuni, kuacha na kuangalia geji kama inashuka. Naitrojeni peke yake. Kuna sehemu watu wanatumia mtungi wa oksijeni wa kuchomelea kwa sababu ndo upo karibu, oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, inaua. Ukiuona huo mtungi umeletwa kwa ajili ya kupima AC mwambie asimamishe kazi.

Sasa kwetu Tanga tundu baya liko kwenye koili ya nje, na sababu ni bahari. Vile vibati ni alumini na bomba ni shaba, chumvi na unyevu vikikaa kati yao alumini inaliwa. Utaiona inaanza na unga mweupe, alafu vibati vinapinda, alafu ukivigusa vinabomoka mkononi kama jivu. Vikishafika hapo joto halitoki tena hata kama gesi imejaa, na matundu ya bomba yatafuata moja baada ya jingine, unaziba hili leo mwezi ujao jingine. Nyumba za Raskazone na Sahare zinazopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja zinachakaa haraka kuliko za Ngamiani ndani, mashine ya aina moja iliyonunuliwa siku moja. Koili ikishafika hali hii hakuna sevisi itakayoirudisha. Achana nayo.

Na kuna suala la aina ya gesi. Soma kile kibati cha maandishi ubavuni kwa mashine ya nje. Ikiandikwa R22 ni kizazi cha zamani, gesi inayoharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea ikiwemo yetu ilitakiwa mpaka 2025 ziwe zimepunguza kundi hilo la gesi kwa asilimia 67.5, na ikifika 2030 ibaki sehemu ndogo tu ya kuhudumia mashine zilizopo. Maana yake kwa mwenye nyumba ni kwamba kila mashine ikivuja unanunua kitu kinachozidi kuadimika. Na asikudanganye mtu akaweka R410A, gesi ya mashine za kizazi cha baadaye, kwenye mashine ya R22, presha yake iko juu zaidi kwa karibu nusu nzima, mafuta ya kompresa hayapatani nayo, mashine haikutengenezwa kwa hilo.

Kwaiyo hukumu yangu, na nimeishikilia: koili imeliwa, au kompresa imekufa kwenye mashine ya miaka zaidi ya 10, au ni R22 inayovuja kwenye koili, badilisha. Kapasita, feni, maji kudondoka, filta, nati kuvuja, waya, tengeneza. Aliye kwenye R22 ambayo haivuji na inaleta baridi, akae nayo tu, aiheshimu.

UNAPOBADILISHA, USIBEBE TATIZO LA ZAMANI

Watu wengi wanatoa mashine wanaweka nyingine ya ukubwa uleule, mahali palepale, bomba lilelile, waya uleule, alafu baada ya miaka mitatu wanalia tena.

Ukubwa kwanza. Kwa kuanzia hesabu BTU 600 kwa kila mita ya mraba, chumba cha mita 4 kwa 4 ni 9600, kwaiyo 9000 kama kina kivuli na silingi, 12000 kama jua la jioni linakipiga au juu ni bati. Usiseme basi niweke 24000 kabisa niwe na uhakika. Ikizidi mno chumba kinapoa kwa dakika chache, inajizima kabla haijakamua unyevu, unabaki na chumba baridi lakini shuka zimelowa lowa na kuvu kwenye kabati la nguo. Tanga unyevu ni nusu ya joto lenyewe.

Inveta kama unalala nayo usiku kucha, inalipa. Kama unawasha saa moja moja wageni wakija, ya kawaida inatosha na bodi yake sio ngumu kutengeneza. Ukichukua inveta weka na ulinzi wa umeme. Kwenye gesi utakuta R410A au R32, mi nachagua R32, mchango wake kwenye joto la dunia ni kama theluthi moja ya R410A, ila inashika moto kwa kiasi, kwaiyo hakuna kuchomelea bomba lenye gesi ndani wala sigara pale. Muulize muuzaji kama koili ya nje imepakwa ule mpako wa bluu au dhahabu wa kuzuia kutu. Haizuii milele lakini inachelewesha, na kwa walioko karibu na maji hiyo nafuu ni miaka.

Mashine ya nje ihamishe ikiwezekana, upande wa nyumba usiotazama bahari, kivulini, na nafasi ya kupumua nyuma na mbele. Vibanio viwe vya chuma kisichoshika kutu au vilivyopakwa zinki. Bomba la zamani ni bora kulibadilisha, la R22 lina mafuta ya aina nyingine ndani na mara nyingi unene wake haufanani na mpya inavyotaka. Kama limejengewa ukutani na huwezi kubomoa, basi lioshwe kwa dawa na naitrojeni na vipimo vifanane, vinginevyo pitisha jipya nje ndani ya mfereji wa plastiki.

Na hapa simama mwenyewe usiende dukani: vakyum. Baada ya kuunga mabomba fundi anatakiwa aweke pampu ya vakyum inyonye hewa na unyevu wote, nusu saa na zaidi, afunge, aangalie geji haipandi, ndo afungue gesi. Wapo wanaopuliza gesi kidogo tu kusukuma hewa itoke wanasema inatosha. Haitoshi, unyevu ukibaki ndani unachanganyika na mafuta unatengeneza asidi na kompresa mpya inakufa kifo ambacho utaambiwa ni mashine feki. Kwenye makubaliano sema kabla ya kutoa hela, "fundi wangu, pampu ya vakyum unayo?" Asiyenayo muage vizuri. Bomba likizidi urefu ulioandikwa kwenye mashine gesi inaongezwa kwa mizani, kwa gramu, kwa macho haijazwi.

Ile ya zamani kabla ya kung'olewa, kama kompresa bado inawaka, fundi afunge valvu ya bomba jembamba, aiwashe dakika chache gesi yote irudi kwenye mashine ya nje, afunge na ya pili. Ikitoka ndo ivyo haimwagi. Muuzaji wa chuma chakavu asipewe na gesi ndani, ataikata kwa msumeno na yote itaenda juu.

Baada ya hapo mwezi mara moja zima breka uimwagie mashine ya nje maji matamu kwa mpira wa bustani, taratibu, puresha washa inalaza vibati. Maji ya bomba. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, ukiosha nayo unaongeza ileile unayoitoa, kwaiyo kama nyumbani mnatumia kisima onja kwanza, na kama ni ya chumvi nunua madumu mawili ya maji ya bomba kwa ajili ya AC. Filta kila wiki mbili. Na andika tofauti ya joto ile ya thamometa siku mashine ikiwa mpya, bandika ndani ya kava, mwakani fundi akija kukwambia gesi imepungua una namba ya kulinganisha naye.